Uakida: Utawala wa Zamani wa Mashamba katika Nchi ya Tanga

Vijana wengi wa Muheza na Pangani wamesikia wazee wakitaja neno uakida, lakini ukiwauliza maana yake watakujibu kwamba akida alikuwa mtoza kodi. Jawabu hilo si la uongo, ila ni nusu ya habari. Uakida ulikuwa pia jina la nchi yenyewe, yaani sehemu ya wilaya yenye vijiji vingi vilivyowekwa chini ya mtu mmoja.

Asili ya neno akida ni Kiarabu, na maana yake ni mkuu wa askari. Zamani za Masultani wa Unguja, liwali alikaa mjini, na akida alikuwa na askari wake; lakini amri yao haikwenda mbali na bahari. Nchi ya bara ilikuwa ya Wakilindi wa Vugha, ambao nguvu zao zilifika hata pwani katika siku za Kimweri ye Nyumbai. Alipokufa Kimweri, yapata mwaka 1862, ukoo wake uligombana, na Wabondei wakaasi wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Vita hiyo huitwa Kiva. Tangu hapo Bonde ikabaki nchi ya vijiji, kila kijiji na wazee wake, pasipo mfalme. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Hata ilipofika Agosti 1888, kampuni ya Wadachi ilikuja kutwaa pwani kwa mkataba waliopatana na Sultan Khalifa. Watu wa Pangani walikataa, na Abushiri bin Salim akaongoza vita mpaka aliponyongwa huko huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wadachi wakashinda, lakini walikuwa wachache, na nchi ni kubwa. Basi wakavichukua vyeo vya Sultan wakavigeuza. Akida, aliyekuwa mkuu wa askari, akawa mtawala wa nchi, na majumbe wa vijiji wakawa chini yake. Mara nyingi alikuwa mtu wa pwani ajuaye kusoma na kuandika, na baadaye shule ya serikali ya Tanga ilitoa vijana kwa kazi hizo.

Kazi yake ilikuwa kukata mashauri madogo, kupeleka amri za boma, kutafuta watu wa kazi, na kutoza kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, nayo ilikuwa rupia tatu kwa nyumba ya shamba. Asiye na rupia alizitafuta kwenye mashamba ya Wazungu. Tangu mwaka 1893 katani ilikuwa imepandwa Kikogwe, karibu na Pangani, kwa miche 62 tu iliyosalimika safarini, na mwaka 1896 reli ilikuwa imefika Muheza.

Sisemi kwamba maakida wote walikuwa wabaya. Wako waliohukumu kwa haki. Lakini kasoro ilikuwa katika cheo chenyewe: akida aliwekwa na Bwana Shauri, na Bwana Shauri peke yake ndiye awezaye kumwondoa. Watu aliowatawala hawakuwa ndugu zake, wala hawakumchagua. Aliyeonewa ilimpasa aende bomani, safari ya mguu, akamshitaki mtu ambaye boma lilimwamini. Kusini ya nchi, dhuluma ya maakida ilikuwa moja ya sababu za vita ya Maji Maji mwaka 1905.

Waingereza waliitwaa Tanga mwaka 1916, wakawaacha maakida kazini kwa muda. Gavana Sir Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925, hakuupenda utawala huo. Alitaka kila kabila litawaliwe na wakuu wake wa asili, na sheria yake ikatoka mwaka 1926. Usambara haikuwa kazi ngumu: Kinyashi, Mkilindi aliyewahi kutawala zamani za Wadachi, alirudishwa Vugha. Lakini Bonde arudishwe nani? Mfalme wa mwisho aliyewatawala alikuwa Mkilindi, na baba zao walikwisha mfukuza kwa silaha. Serikali ilitafuta mfalme mahali ambapo watu walikuwa wamekataa kuwa naye.

Amri ya machifu ilikomeshwa kwa sheria mwaka 1963, Vugha pamoja na kwingine, na kazi zikaingia katika halmashauri za wilaya. Hizo nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1984.