WACHENI WADOGO WETU WACHEZE

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa mafunzo, nami nimechagua jambo ambalo wengi hulichukulia kama mzaha. Nalo ni mazoezi ya watoto wadogo, wale wa nasari mpaka darasa la tatu.

Ukitamka neno mazoezi hapa Katito, mtu hufikiria wakimbiaji wa Eldoret au vijana wanaoinua vyuma. Mtoto mdogo hahitaji hayo. Mazoezi yake ni mchezo. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Linasema kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate dakika 180 za kujongea kila siku, yaani saa tatu nzima, na katika hizo dakika 60 ziwe za kuhema, kama vile kukimbia na kuruka. Asikodolee runinga au simu kwa zaidi ya saa moja. Tena alale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, ukijumlisha usingizi wa mchana. Kuanzia miaka 5 hadi 17 tunatakiwa tupate wastani wa dakika 60 za nguvu kila siku. Hesabu hiyo inatugusa hata sisi, lakini leo tuachane nayo.

Sababu yenyewe si ngumu. Mfupa hukua imara ukitumiwa. Moyo nao ni msuli, na msuli usiofanya kazi hulegea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na watu wa ziwa tunajua samaki aliyekauka anavyovunjika.

Sasa utamsikia mtu akisema, "Aa, hayo ni ya watoto wa Nairobi. Wetu wa mashambani wanakimbia kutwa kucha." Hebu simama kando ya barabara ya Ahero kwenda Sondu asubuhi na mapema uhesabu. Utaona bodaboda zikipita na watoto watatu, wanne, mikoba mgongoni, wamebanana kama omena kwenye gunia. Mtoto wa chekechea anabebwa mpaka langoni, anaketi darasani mpaka jioni, anabebwa tena. Akifika nyumbani anapewa simu ili anyamaze mama amalize kupika. Sasa amekimbia saa ngapi?

Wazazi siwalaumu. Barabara ile ina malori na matatu za kwenda Kisii ambazo hazimjali mtu, na mtoto wa miaka mitano hajui kupima mwendo wa gari. Lakini zile dakika za kutembea zikiondolewa, ni lazima zirudishwe mahali pengine, na hapo ndipo tunaposahau. Shuleni nako hazirudi. Iko shule moja ya msingi, sitaitaja, ambayo kipindi cha michezo kimeandikwa kwenye ratiba vizuri kabisa, lakini kila wiki kinamezwa na hisabati.

Mwaka wa 2006 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wakimbiaji hodari wa nchi hii. Waliwauliza mambo ya utotoni, na wakaona kwamba wakimbiaji hao wengi walikuwa wakienda shule mbio, kuliko Wakenya wa kawaida waliolinganishwa nao. Sisemi kila mtoto wa Nyakach akikimbia atakuwa bingwa wa dunia. Nasema njia ya kwenda shule ilikuwa uwanja wa bure, nasi tumeufunga.

Wengine hujitetea kwamba kazi za nyumbani ni mazoezi tosha. Kwa kiasi ni kweli. Kufagia uwanja, kufukuza kuku na kupeleka mbuzi malishoni, yote ni kujongea. Lakini fanyeni hesabu nami. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa miaka saba mwenyewe ana kilo ishirini na kitu hivi. Ukimtwika mtungi huo umemtwika mtoto mwenzake kichwani, kisha unamwambia arudi kisimani mara ya pili! Hayo si mazoezi, ni mateso. Na mara nyingi anayeteswa ni msichana, kaka yake akiwa uwanjani anacheza mpira. Wavulana mniwie radhi, lakini mnajua ni kweli. Mpeni kimtungi cha lita tatu, kisha na yeye aende akacheze.

Michezo yetu inatosha, hatuna haja ya kununua kitu. Tapo humfanya mtoto akimbie, asimame ghafla, ageuke. Brikicho humfundisha kuchutama na kutambaa. Blada ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu kamba huanzia kwenye vifundo vya miguu, ikapanda magotini, ikafika kiunoni, na mtoto anapanda darasa mwenyewe bila mwalimu. Wazee wetu Wajaluo walikuwa na adhula, mchezo wa kupiga mpira kwa magongo. Mpira wenyewe siku hizi ni taabu kidogo, maana mifuko ya plastiki iliyokuwa ikifungiwa mipira ilipigwa marufuku Agosti 2017. (Mazingira yamepona, washambuliaji wameumia.) Tumieni matambara na gunia kuukuu, mfunge kwa kamba ya mkonge.

Tuangalie pia mahali pa kuchezea. Minyoo ya safura huingilia ngozi ya nyayo penye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo hata akala ni kinga. Kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia penye konokono, nacho hupenya ngozi ya anayeoga humo. Siku ya dawa za minyoo ikitangazwa shuleni, mdogo wako asibaki nyumbani. Na asicheze kwenye kingo za makorongo. Katuk Odeyo tunaijua sote. Akirudi anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Chakula chenyewe ni uji wa wimbi, omena wanaoliwa na mifupa yao, osuga, apoth, na embe msimu wake ukifika. Soda si zawadi ya kila siku.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, unataja mchezo katika kifungu cha 31 kuwa haki ya mtoto. Wenzetu wa bweni hawawezi kuwasaidia wadogo zao mpaka likizo. Sisi wa shule ya kutwa tunalala nao nyumba moja, na asubuhi tunapita njia ile ile. Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya chama: wale ambao shule za wadogo zao ziko njiani wawatembeze kwa kundi, kupitia vijia vya mashambani, mbali na lami, mkubwa mmoja mbele, mmoja katikati na mmoja nyuma. Upande wetu wa soko nimeshaandika majina. Watoto ni saba, wakubwa tuko wawili. Wa kukaa nyuma bado hajapatikana.