Somo: Kabla ya Kulipia Safari ya Pwani

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Leo ni makumbusho. Njia ya misafara iliyopita Unyanyembe iliishia Bagamoyo. Mwendo uliowachukua wapagazi miezi sasa ni safari ya basi, na mzazi aliyedunduliza fedha za tumbaku au asali aweza kuwapeleka wanawe wakaione bahari. Katika somo hili tunaeleza kwa nini mji uleule humfurahisha mgeni mmoja na kumvunja moyo mwingine.

Kinachovutia

Uzuri wa Bagamoyo hauko mchangani pekee. Upo Mji Mkongwe wenye milango ya nakshi. Yapo magofu ya Kaole. Ipo misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo Susi, Chuma na wenzao, baada ya kupita Unyanyembe mwaka 1873, walipoufikisha mwili wa Livingstone mwaka 1874. Mgeni kutoka Kwihara hukuta huko mwisho wa habari aliyoianza nyumbani.

Kinachovunja moyo

Bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti huwa kubwa zaidi. Ufuko wa Bagamoyo una mteremko mdogo, hivyo maji yakipwa huenda mbali na kuacha tope. Picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa si ya uongo, ila haisemi yote. Kadhalika, mvua za masika, Machi hadi Mei, hubadili safari.

Lakini hayo ni maumbile, na hayana wa kulaumiwa. Lawama huanza pale chumba "cha ufukweni" kinapokuwa mbali na bahari, au mwongozaji anapotaja ujira wake baada ya matembezi.

Hatua za kuchukua

1. Uliza umbali kwa dakika za kutembea, wala usitosheke na neno "karibu".
2. Uliza saa za maji kujaa katika siku utakazokuwapo.
3. Taka bei kamili kwa maandishi: chumba, chakula, kodi na masharti ya kurudishiwa fedha.
4. Patana ujira wa mwongozaji kabla ya kuondoka, na umwombe kitambulisho.
5. Linganisha nauli ya basi na kiwango kilichoidhinishwa na LATRA.
6. Dai risiti ya kielektroniki na uitunze pamoja na tangazo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Hata hivyo, malalamiko yasiyo na ushahidi ni vigumu kuyashughulikia. Anayeuliza mapema hahesabiwi msumbufu. Anatumia haki yake, na bahari ataifurahia kama ilivyo.