Somo kwa viongozi wa vijana: kufundisha kupiga mpira wa softiboli kambini



Hapa kwetu mtu akisema michezo na amani, wote tunafikiri mpira wa miguu. Ni mchezo mzuri, lakini kila aliyeuandaa kambini anajua shida yake: uwanja mmoja, mpira mmoja, vijana ishirini na wawili wenye nguvu ndani, na watoto mia mbili pembeni wakitazama. Wasichana huambiwa wangoje, na zamu yao haifiki. Katika somo hili nitaeleza mchezo mwingine, na hasa sehemu moja ya mchezo huo, yaani namna ya kumzoeza mtoto kupiga mpira kwa mti. Niliujifunza Uganda nilipokuwa mwanafunzi mkimbizi wa sekondari. Huko unachezwa mashuleni pamoja na ndugu yake besiboli, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Marekani.

Kwa ufupi, timu ni mbili, kila moja watu tisa. Mtupaji anatupa mpira kwa mkono unaopita chini ya kiuno, akiwa mbali kama mita 13. Mpigaji anaupiga kwa mti, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kutoka kituo mpaka kituo ni mita 18 na kidogo. Katika michezo ya Olimpiki softiboli imekuwa ya wanawake peke yao tangu 1996, na Wajapani walishinda mwaka 2008 na tena 2021. Hayo muwaambie akina papa wanaosema msichana hawezi.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Ule mti wa kupigia sisi tunauita mpini, kwa sababu unafanana na mpini wa jembe. Hatuuiti rungu. Neno hilo tusilisikie uwanjani, na chini mtaona sababu.

Mchezo uliozaliwa bila vifaa

Msiogope kwamba hamna vifaa. Softiboli ilianza Chicago mwaka 1887, ndani ya nyumba, siku ya baridi, vijana walipofunga glovu ya ngumi kwa kamba ikawa mpira, wakaupiga kwa mpini wa ufagio. Basi mchezo wenyewe ni mtoto wa vitu vilivyookotwa.

Na kambi si ngeni kwake. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa makwao watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000, ikawafungia katika kambi, nyingi zikiwa za jangwani, kwa sababu ya vita. Humo walicheza besiboli na softiboli, wanaume kwa wanawake. Katika kambi ya Gila River, Arizona, mzee mmoja jina lake Kenichi Zenimura alisafisha vichaka pamoja na wanawe, wakatengeneza uwanja, wakapanda mbarika kuwa ua. Ninawasimulia haya wazee wa kambi wanaponiambia kwamba watu waliopoteza mashamba hawana nafasi ya kucheza. Wengine hukubali, wengine hunijibu kwamba Wajapani wale angalau walikula, na sina la kuwajibu.

Kutengeneza mpini na mpira

Tafuta mti usiopasuka haraka. Mpera unafaa, ndiyo maana mafundi huutia kwenye majembe. Urefu wa mpini wa sheria hauzidi sentimeta 86, na unene wake sentimeta 5.7. Kwa mtoto wa miaka kumi, sentimeta 70 zinatosha. Chonga sehemu ya kushika iwe nyembamba, acha kifundo mwishoni ili usichomoke mkononi, sugua mpaka laini, kisha zungushia kauchu ya baiskeli. Mpini mzito unamfundisha mtoto vibaya. Kama hawezi kuunyosha mbele kwa mkono mmoja akahesabu mpaka kumi, uchonge tena.

Mpira wa kweli una mzunguko wa sentimeta 30 na nusu. Kata kamba ya urefu huo, iwe kipimo. Jaza vitambaa vichakavu katika soksi, kaza, funga, shona. Watoto wetu wanajua kufunga mpira wa mifuko kuliko mimi, basi waachie kazi hiyo. Kwa mazoezi mpira laini ni bora kuliko ule wa dukani, kwa kuwa ukimgonga mtu haumwumizi.

Mwili unavyopiga

Mtupaji hodari hupitisha mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na mpira wake haumalizi nusu sekunde kumfikia mpigaji. Hakuna nafasi ya kufikiri. Mwili lazima uwe umezoea tayari, na mwili huzoea polepole, kwa kurudia.

Anayetumia mkono wa kuume anasimama ubavu wake wa kushoto ukimwelekea mtupaji. Mkono wa kushoto unashika chini, wa kuume juu yake, kwa vidole na si kwa kiganja chote. Miguu ipanuke kupita mabega kidogo, magoti yalegee, mpini uwe juu ya bega la nyuma. Mpira ukija, mguu wa mbele unapiga hatua fupi, kiuno kinageuka, mguu wa nyuma unazungukia ncha yake kama mchi ndani ya kinu, na mikono inakuja mwisho.

Hapo kwenye kiuno ndipo penye kazi. Watoto wetu wamelelewa na jembe na shoka. Ukiwapa mpini wanainua juu ya kichwa na kushusha, kama wanaopasua kuni. Wengine wanafyeka kwa mikono mitupu, kama mwenye panga, na kiuno kimelala. Usiwakemee, walijifunza kazi kabla ya mchezo. Mwambie mtoto aweke mpini nyuma ya mgongo, aubane kwa viwiko, kisha ageuke polepole mara ishirini. Hawezi kutumia mikono, basi kiuno kinajifunza peke yake. Zoezi hili halihitaji mpira, na hata mama mwenye mtoto mgongoni ataliona akicheka.

Mazoezi kwa hatua

Anza na mpira uliotulia. Chukua bidoni ya lita ishirini iliyotoboka, ijaze mchanga, simika humo mti unaofika kiunoni mwa mtoto, na juu yake vika shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa ili mpira ukae. Mtoto asimame nyuma kidogo, mpira uwe mbele ya mguu wake wa mbele. Makosa ya kawaida ni kupiga bidoni badala ya mpira, na maana yake anashusha mpini. Apige mara kumi, ampishe mwenzake. Kwa wiki mbili fanyeni hili tu. Vijana watalalamika kwamba wamechoka na bidoni. Waacheni walalamike.

Kisha funga mpira kwa kamba kwenye tawi. Sasa unayumba, na jicho linajifunza kungoja. Mpigaji anayepiga mapema anapata hewa, na wenzake wanamcheka. Hakikisha nawe unapiga na kuchekwa.

Hatua ya tatu ni mpira wa kurushiwa, nayo ndiyo ninayoipenda. Mwenzake anapiga goti pembeni mbele yake, mita tatu na si karibu zaidi, anamrushia mpira kwa upole kutoka chini, naye anaupiga kuelekea turubai lililotundikwa. Msitundike chandarua kinacholaliwa. Kile ni cha kuzuia mbu. Angalieni zoezi hili linadai nini. Aliyepiga goti yuko karibu na mtu mwenye mti mkononi. Anamtazama usoni, anaachia mpira, anarudisha mkono. Sisi huwapanga wawili wawili kutoka pande mbili za kambi, kisha wanabadilishana. Siku za kwanza mrushaji anarusha huku amerudi nyuma, mpira haufiki. Hatumlazimishi. Anaanza mbali, anasogea mwenyewe mpaka kwenye alama ya mita tatu.

Vitabu vingine vinashauri kurusha maharagwe na kuyapiga kwa fimbo nyembamba ili kunoa macho. Kambini hapana. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri asione maharagwe yakipigwa mchangani. Kateni vipande vya gunzi la mahindi, vinafanya kazi ile ile.

Kosa langu

Mwaka wa kwanza niliwaachia watoto wawili wapige jirani, bila mipaka. Mmoja aligeuka na mpini, ukampata mwenzake juu ya jicho. Jeraha lilishonwa, likapona. Lakini watoto hawa walitoka pande mbili zilizokuwa zimekimbiana, na kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imeshazunguka vibanda vyote: "Watoto wao wamempiga wetu kwa rungu." Usiku wanaume walikusanyika pande zote mbili. Rais wa kambi alinituma niitwe. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiye uliyeleta hizi fimbo. Sema mwenyewe." Nikasimama mbele ya baraza nikasema kwamba mtoto hakuwa na kosa, kosa ni langu, sikuchora mpaka. Mama wa aliyeumia akauliza kama nina watoto. Nikasema ninao wawili. Akasema basi nitachora. Mama wa yule mwingine alikuwa amekuja na maji ya kumwosha mgonjwa, na nadhani hilo lilituliza watu kuliko maneno yangu.

Mchezo ulisimama mwezi mzima. Ulirudi kwa masharti ya baraza, nami ninayatoa hapa kama yalivyo, kwa kuwa sijaona bora zaidi. Kila mpigaji ana duara lake la majivu, mita tatu kutoka katikati mpaka ukingo, na mrushaji anapiga goti juu ya ukingo. Mwingine haingii. Mpini hautoki ndani ya duara. Mtoto akimaliza anaulaza chini, hampi mwenzake mkononi. Hakuna mpini unaolala nyumbani kwa mtu. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, wanaihesabu asubuhi na jioni na kuifungia katika sanduku lenye kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake. Mzee mmoja asipofika hatuchezi.

Kuhusu saa: wekeni mazoezi baada ya kuteka maji, la sivyo wasichana hawatakuja, na mtasema hawapendi mchezo. Dakika arobaini na tano zinatosha. Baada ya wiki sita mnaweza kumwita mtupaji asimame mita 13 na kuanza mchezo wenyewe, timu zikichanganywa kwa kura ya vijiti. Siku ya mvua msitumie mpini, kauchu inateleza. Siku hiyo shoneni mipira.