Somo la Upigaji Picha: Kamera Hupima Mwanga, Mpigapicha Humtazama Mtu

Anapofariki mzee katika familia, mmoja wa wajukuu hupewa kazi ya kutafuta picha ya kuweka kwenye fremu kando ya jeneza. Hufungua simu na kukuta picha nyingi za harusi, za ubatizo na za sikukuu. Mzee yumo karibu katika zote. Lakini katika nyingi uso wake ni kivuli cheusi mbele ya anga jeupe, au umefifia kwa sababu mkono wa mpigapicha ulitikisika. Hapo ndipo familia hutambua kwamba ilikuwa na picha nyingi bila kuwa na hata moja ya mzee wao.

Kosa hilo si la uso wa mzee, na mara nyingi si la ubovu wa kamera. Ni la kutojua jambo moja, nalo ndilo msingi wa somo hili: kamera hupima mwanga, haijui ni nani aliyesimama mbele yake.

Jinsi kamera inavyokadiria

Ndani ya kamera, iwe ya simu au ile ya kubadilisha lenzi, mna kipimamwanga. Chombo hiki hukadiria mwanga unaoingia na kujaribu kuifanya picha iwe ya wastani, mfano wa rangi ya kijivu. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa 7 mchana, weupe hujaza sehemu kubwa ya picha. Kamera hudhani kuwa mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ukuta hupungua weupe kidogo tu, ilhali uso hupotelea gizani. Kinyume chake, bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, kamera huongeza mwanga kupita kiasi na uso wake huonekana umechujuka.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Vyombo vya leo vimeboreshwa, lakini wajibu wa kuulinda uso ungali wa yule aliyeishika kamera.

Milango mitatu ya mwanga

Mlango wa kwanza ni tundu la lenzi. Ukubwa wake huandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa kuwa namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Kila hatua kuelekea f/16 hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu kubwa hufifisha mandhari ya nyuma na kuuacha uso peke yake. Tundu dogo huonyesha vyote kwa ukali, jambo linalofaa kwa picha ya jengo au ya kundi la watu.

Mlango wa pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia. Kwa mtoto anayekimbia tumia 1/500 ya sekunde. Ukishika kamera mkononi yenye lenzi ya milimita 50, usiende taratibu kuliko 1/60, la sivyo mtikisiko wa mkono utaonekana.

Mlango wa tatu ni usikivu wa kamera kwa mwanga, unaoandikwa ISO. Nje penye jua, 100 inatosha. Ndani ya nyumba huenda ukahitaji 800 au 1600. Kadiri unavyopandisha namba hii, ndivyo picha inavyoingiwa na chenga.

Milango hii mitatu hufanya kazi kama mizani ya dukani: ukiongeza upande mmoja, huna budi kupunguza mwingine. Kwa mfano, penye jua kali na ISO 100, f/16 pamoja na 1/125 huleta picha nzuri. Ukifungua tundu hadi f/8, umeongeza mwanga mara nne. Basi ongeza kasi hadi 1/500, na mwanga utabaki uleule.

Kuuokoa uso

Kwanza, mwondoe mtu juani. Mpeleke barazani au chini ya mwembe, kisha mgeuze atazame upande wenye mwanga. Asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, au jioni kuanzia saa 10, jua huwa pole na halitii vivuli vikali chini ya nyusi.

Pili, iambie kamera kilicho muhimu. Katika simu, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu hadi uso uonekane vema. Katika kamera kubwa, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja. Ukuta wa nyuma ukizidi weupe, si hasara. Hukuja kuupiga picha ukuta.

Tatu, rudisha mwanga. Shuka jeupe likishikwa upande wenye kivuli hung'arisha shavu bila gharama yoyote. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, akitundika kitambaa nyuma ya wateja wake. Leo picha hizo zinaheshimiwa duniani kote.

Mwisho, sogea karibu, weka macho katika theluthi ya juu ya picha, na hakikisha hakuna nguzo ya umeme inayoonekana kuchomoza kichwani mwa mtu.

Ridhaa na heshima

Omba ruhusa kabla ya kupiga, na omba tena kabla ya kusambaza. Picha ya uso humtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia matumizi ya taarifa za namna hiyo. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa ajira wajiunge katika vikundi na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Zoezi

Wiki hii, mwendee mzee mmoja wa nyumbani kwenu. Mpige picha tatu: mbele ya ukuta mweupe mchana, barazani akitazama nje, na barazani tena shuka jeupe likiwa kando yake. Zilinganishe, kisha chagua ile ambayo macho yake yanaonekana. Ichapishe, umpelekee mwenyewe angali akiweza kuifurahia.