NG'OMBE HULA KWANZA KWA AJILI YAKE MWENYEWE



Watu wengi wafikao ofisini kwetu huuliza swali moja: "Ng'ombe wangu anakula kila siku, mbona maziwa ni kidogo?" Mwezi huu tutalijibu kwa hesabu. Chukua kalamu na karatasi.

Chakula ndicho nguvu ya mwili. Ng'ombe akila majani, vijidudu wasioonekana kwa macho, waishio katika tumbo lake kubwa, huyachachusha majani hayo, na kutokana na kazi yao mwili hupata nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho megajuli, kama vile sukari ipimwavyo kwa kilo.

Fungu la kwanza la nguvu hiyo ni la kumweka ng'ombe hai: moyo upige, apumue, mwili uwe na joto. Fungu hili ni kama kodi ya duka. Uuze usiuze, kodi italipwa. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kadiri ya megajuli 45 kila siku, hata akiwa hana tone la maziwa. Akitembezwa mbali kutafuta maji, kodi hupanda. Fungu la pili ndilo la maziwa, na lita moja hutaka kama megajuli 5. Mimba nayo hudai fungu lake, hasa katika miezi 3 ya mwisho.

Sasa tazama majani ya Napier. Yakiwa mabichi, kilo 5 hutoa kama kilo 1 tu ya chakula kikavu. Zilizobaki ni maji. Kilo hiyo moja kavu ina megajuli kama 8, ikiwa majani yamekatwa kabla ya kukomaa.

Tuseme shamba lako hutoa kilo 70 za majani mabichi kwa siku, nawe una ng'ombe wawili wa maziwa. Kila mmoja apata kilo 35, yaani kilo 7 kavu, yaani megajuli 56. Toa 45 za kodi, zimebaki 11. Hizo ni lita 2 na kidogo. Ng'ombe wawili, lita 4 na kidogo.

Ukiwa na ng'ombe mmoja je? Mpe kilo 60, kiasi awezacho kumaliza. Hizo ni kilo 12 kavu, megajuli 96. Toa 45, zimebaki 51. Nguvu hiyo yatosha lita 10, ikiwa ni ng'ombe wa aina ya maziwa, amezaa karibuni, wala hakosi maji, chumvi, na majani ya kujenga mwili kama lusani au desmodiamu. Tena kilo 10 za majani zimesalia.

Majani ni yale yale, lakini maziwa ni zaidi ya mara mbili, kwa sababu umelipa kodi moja badala ya mbili.

Mimi mwenyewe, pamoja na ualimu niliosomea, nililipa kodi mbili kwa miaka kadhaa. Nilipouza ng'ombe mmoja, mke wangu alininunia, maana ng'ombe huyo alitoka kwa mama yake. Nilikuwa nimechelewa kufanya hesabu. Ningaliifanya mapema, ningalipanda majani zaidi na kuwatunza wote wawili. Kwa hiyo sikuambii uuze. Nakuambia: ama ongeza majani, ama punguza vinywa.

Usidanganyike na ng'ombe aliyezaa juzi akatoa maziwa mengi huku akila kidogo. Anayatoa katika mafuta ya mwili wake. Baada ya majuma machache mbavu zitaonekana, maziwa yatapungua, naye atakawia kutafuta dume. Hapo umepoteza maziwa ya leo na ndama wa mwakani.

Basi fanya haya. Azima mizani upime mzigo mmoja wa majani. Kata Napier inapofika kama mita 1. Ikizidi sana huwa miti tu. Weka maji karibu na ng'ombe mchana na usiku. Kisha mwite Bwana Mifugo mpitie hesabu yako pamoja.

MASWALI

1. Ng'ombe wa kilo 400 akipewa kilo 28 za Napier mbichi kwa siku, atabakiwa na nguvu ya maziwa?
2. Kwa nini ng'ombe atembeaye mbali hupunguza maziwa?
3. Shamba lako hutoa kilo ngapi za majani kwa siku, na vinywa ni vingapi?