UVUVI WA MICHEZO KATIKA MKONDO WA PEMBA: SAMAKI NA MIEZI YAO

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaohudumia wageni wanakumbushwa kwamba samaki wa bahari kuu wana misimu yao, kama walivyo nyumbu wanaopita Ikoma, Serengeti. Mgeni aliyewaona nyumbu huko mwezi Juni au Julai, kisha akavuka kuja Visiwani kuvua, hukuta Kusi inavuma na Mkondo wa Pemba umechafuka. Asiahidiwe nduwaro wakati huo.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, Kusi inapopungua, hupita jodari. Novemba na Desemba huzidi nduwaro, mwenye pezi la mgongoni mfano wa tanga. Kaskazi inapovuma, hadi Machi, ndio wakati wa sulisuli wakubwa, yaani marlini. Nguru na kolekole hutafutwa kandokando ya miamba. Masika ya Aprili na Mei yatumiwe kutengeneza vyombo.

Inashauriwa nduwaro na sulisuli warejeshwe baharini wangali hai, kama ifanyikavyo Watamu, Kenya. Aidha, nahodha asikubali safari bahari ikichafuka kwa kutamani malipo: fedha hurudishwa, roho hairudi.