Swali na Jibu: Mikate ya Watoto Wakati wa Baridi

Swali: Mzazi wa Kawangware, Nairobi, anauliza ni kazi gani ya mikono inayomfaa mtoto wa miaka mitano likizo ya Agosti.

Jibu: Kwa kuwa Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, huwa na baridi kuanzia Juni hadi Agosti, inafaa mtoto akande na kufinyanga mikate midogo yenye umbo la samaki, huku akiona jinsi hamira, yaani viumbe hai vidogo mno, inavyokula sukari na kutoa hewa inayoumua unga. Baridi huchelewesha uumukaji huo, kwa hiyo unga hukandwa kwa maji vuguvugu, ukafunikwa kwa kitambaa karibu na jiko. Kuoka kubaki kazi ya mtu mzima.